Hedifoni Zilizokatika Zisitupwe

Kila muhula, katika maabara ya lugha ninamofundishia fonetiki, hedifoni kadhaa huwekwa kando kwa kuwa zinasikika upande mmoja tu. Mwanafunzi anayetakiwa kupambanua "thamani" na "samani" hawezi kuifanya kazi hiyo huku waya ukimkwaruzia sikioni. Dawa inayopendekezwa daima ni kununua nyingine. Mimi siafiki.

Yafaa ieleweke kwamba mara nyingi spika iliyomo haijafa. Kilichokatika ni waya, hasa karibu na plagi, pale unapokunjwakunjwa kila siku. Atakaye kupajua mahali penyewe na aukunje polepole, kipande baada ya kipande, huku akisikiliza. Sauti itakaporudi ghafla, hapo ndipo. Aikate sehemu hiyo pamoja na plagi yake, anunue plagi nyingine ya milimita 3.5, kisha aunge nyaya zake: wa sikio la kushoto kwenye ncha ya plagi, wa kulia kwenye pete, na ule wa pamoja kwenye shina. Hedifoni zenye maikrofoni zina plagi ya sehemu nne, nazo zataka uangalifu zaidi.

Wengi hukwama katika kuunga. Nyuzi hizo za shaba aghalabu hupakwa rangi nyembamba isiyopitisha umeme, na pengine husukwa pamoja na nyuzi za nailoni. Lehemu haishiki juu ya rangi hiyo. Sharti ichomwe kwa ncha ya chuma cha kulehemu kilichopata moto wa kutosha, au ikwanguliwe taratibu kwa msasa. Asiyelijua hili huapa kwamba fundi alizaliwa na kipawa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wadai kuthamini kutenda kuliko kukariri. Mzunguko wa umeme huchorwa ubaoni ukapendeza, lakini ni wanafunzi wangapi waliowahi kuuunga kwa mikono yao? Hata sisi wa lugha tungefaidi: fundi wa redio ana lehemu, msasa na koleo ulimini, ilhali mwanafunzi wangu wa shahada hukimbilia Kiingereza akiulizwa majina ya vitu hivyo.

Walimu wakuu wanaoandaa makadirio ya matumizi ya mwaka ujao na waingize humo chuma kimoja cha kulehemu na plagi chache. Madirisha yawe wazi wakati wa kazi, maana moshi wa lehemu hudhuru mapafu.