Sanamu Haitoshi

Ndugu aliyeandika kwamba Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, inatosha kuwaenzi wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, aende makaburi ya vita ya Voi, Kenya. Huko atasoma jina, cheo na kikosi cha mzungu kwenye jiwe lake. Kwenye sanamu hakuna jina hata moja la mpagazi. Wapagazi walibeba risasi na magunia ya chakula, wakafa kwa malaria na kuhara damu, wakaachwa njiani. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe iliomba radhi mwaka 2021 kwa kutowaenzi wafu kama hawa sawa na wengine. Leo sisi tunaodai eneo la maziara yao tunaambiwa ardhi ni ya walio hai! Tunataka eneo, na ukuta wenye kila jina lililopo kwenye kumbukumbu.