Mwacheni Mwita Viumbe Acheze

Ukitaka kuona watu wazima wakinuna kwenye meza ya Dungeons & Dragons, tangaza kwamba mhusika wako atakuwa mwita viumbe. Mmoja ataguna. Mwingine atachomeka simu kwenye chaji, maana anajua zamu yake itafika usiku. Mwongozaji, yule anayesimulia hadithi na kuwachezea maadui, atakwambia kwa upole kwamba kwake viumbe vya kuitwa haviruhusiwi. Chagua mpiga upanga au mchawi wa moto kama wenzako. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa pumzi moja: mwita viumbe anachelewesha mchezo, anawanyima wenzake nafasi, tena ni mwoga anayepigana kwa mikono ya wengine. Maneno haya yamerudiwa mpaka yamekuwa kama sheria. Mimi nayaona ni uvivu uliovaa joho la busara.

Kwa asiyeujua mchezo huu: tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa Marekani mwaka 1974, kiini chake ni kilekile. Watu wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake, mwongozaji anaeleza kilicho mbele yao, na dadu zinaamua pale penye shaka. Mwita viumbe ni yule ambaye badala ya kurusha moto analeta wanyama, roho au madubwana yapigane upande wake. (Wapo pia wanaoamini kwamba huko ni kuita majini ya kweli. Hofu hiyo iliisumbua sana Marekani miaka ya 1980, hata toleo la pili la mchezo, lililoanza kutoka mwaka 1989, likaja kuwabadilishia mashetani wake majina. Baadaye majina yakarudi, na meza zikabaki na chipsi na penseli zilezile. Tuendelee.)

Tuanze na muda, maana hapo walalamikaji wana ushahidi. Katika toleo la 2014, druidi, yaani mganga wa msituni, akifika ngazi ya 5 anaweza kuita wanyama hadi wanane kwa mpigo. Tuseme ni mbwa mwitu, wamemzunguka adui mmoja. Mbwa mwitu hupata nafuu wakishambulia kwa kundi, kwa hiyo kila ng'ato inarushiwa dadu mbili: hizo ni 16. Kama ulinzi wa adui ni 15, ng'ato kama sita zitampata. Kila moja ina dadu mbili nyingine za majeraha, na adui naye anarusha yake kuona kama ameangushwa. Dadu zaidi ya 30 katika zamu ya mtu mmoja. Nani asiyechoka?

Lakini nani kasema lazima zirushwe zote? Kitabu cha mwongozaji cha mwaka huohuo kina jedwali la kushughulikia makundi, na ningependa kujua ni wangapi kati ya walalamikaji wamewahi kulifungua. Dhidi ya ulinzi wa 15 mbwa mwitu, ukihesabu nyongeza yake, anahitaji 11 kwenye dadu ya pande 20. Jedwali linasema hapo, katika kila washambuliaji wawili mmoja anapata. Wako wanane, basi wanne wamepata. Wastani wa majeraha ya ng'ato moja umeshaandikwa kwenye maelezo ya mnyama: 7. Nne mara saba, 28. Umemaliza, na mkono wako haujagusa dadu. Ile nafuu ya kundi jedwali haliihesabu, hivyo mwita viumbe anapunjwa, bei ambayo mimi ningeilipa bila kinyongo.

Sasa mtazame mchawi wa moto wa ngazi hiyohiyo. Mpira wake wa moto ni dadu 8 za pande 6, wastani 28. Anaazima dadu kwa jirani, moja inaviringika chini ya kiti, anahesabu kwa vidole, kisha anamuuliza mwongozaji kwa mara ya tatu kama mwenzake aliye karibu na nguzo ataungua. Huyo hakuna anayemnunia.

Kosa lenyewe liko kwa waandishi wa mchezo. Uchawi ule uliandikwa hivi kwamba mchezaji anachagua idadi na ukali wa wanyama, halafu mwongozaji ndiye anayeamua ni wanyama gani. Utajiandaaje na usichokijua? Mchezaji anaomba wanane akitumaini mbwa mwitu, anapewa mbuzi, na kila mtu anangoja kitabu kifunguliwe kutafuta mbuzi anapiga namna gani. Na ndiyo, wapo walioitumia familia hii ya uchawi vibaya, wakaita vijini vidogo vinane vya kuwageuza marafiki zao wote kuwa dinosaria. Hao wazuieni. Sijawahi kusikia meza iliyopiga marufuku panga kwa sababu mchezaji mmoja alikuwa mlafi.

Shutuma ya ubinafsi ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu ukweli ni kinyume chake. Katika mchezo huu mhusika wako akiishiwa pointi za uhai analala chini, na wewe unabaki kurusha dadu moja kila raundi kuona kama anakufa. Unaweza kukaa hivyo nusu saa ukitazama wenzako wakifurahi. Mwita viumbe mwenye akili anakusogezea kadi mbili: hawa mbwa mwitu wawili ni wako, pigana. Umerudi mchezoni. Mpiga upanga angekupa nini? Na wanyama walio hai mezani wana kazi nyingi kuliko kuua. Bundi wakubwa wanane wanalivusha kundi zima juu ya korongo. Farasi wanane wanawabeba majeruhi wa kijiji kwa muda wa saa nzima.

Toleo la 2024 lilisikiliza manung'uniko, likauandika upya uchawi huo. Sasa kinachokuja ni kundi la mizimu ya wanyama isiyoshikika, ambalo unalisogeza na wewe, na adui akikaribiwa, asipokwepa, anaumia. Ni haraka, ni safi, na hakuna hata mmoja unayeweza kumpanda, kumtuma anuse nyayo au kumpa rafiki aliyelala. Wamebuni mpira wa moto wenye manyoya, wakauita suluhisho.

Wenzao wa Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiihii, wamejitahidi kutafuta njia nyingine. Katika toleo lao la kwanza, ambalo lilimpokea mwaka 2010, mwita viumbe aliyekuwa na dubwana lake la kudumu pembeni hakuruhusiwa kutumia kipaji chake cha kuita mengine wakati huohuo. Toleo la pili lilipompokea, mwaka 2021, likamfunga nalo zaidi: yeye na dubwana lake wanatumia pointi zilezile za uhai na wanagawana vitendo vya zamu moja. Dubwana likichomwa mkuki, kinachopungua ni uhai wa mwita viumbe pia. Mwenye kumwita huyo mwoga na aeleze anajificha wapi.

Mwongozaji asiyetaka kuchelewa aweke masharti. Mchezaji alete kadi za wanyama wake zikiwa zimeandikwa nyumbani, wakubaliane orodha kabla ya kuanza, watumie jedwali kundi likizidi watatu, na aamue la kufanya wakati mwenzake anacheza. Akishindwa, apunguziwe wanyama, si mhusika wake afukuzwe. Na masharti hayohayo apewe mchawi wa moto, pamoja na kikombe cha kurushia dadu zake zisiende chini ya kiti.