Mgonjwa Hashirikiani
Na Ipyana Mwaisaka

Bodaboda mbili ziliingia kwenye geti la hospitali zikifuatana, zimetapakaa tope la masika hadi kwenye taa. Ya kwanza ilimshusha binti wa miaka ishirini na kitu, kajikunja, mkono tumboni. Ya pili ilimshusha mzee. Mgeni wa Kyela angeshangaa kwa nini watu wa nyumba moja wamelipa nauli mara mbili. Sisi tuliokuwa kwenye benchi tulielewa: huyu ni mkamwana na yule ni baba mkwe. Mume yuko ziwani, mama mkwe kasafiri, na maumivu hayangoji mtu arudi.

Mila ya mkamwana wa Kinyakyusa kumkwepa baba mkwe ni kongwe. Godfrey na Monica Wilson, waliokuja kutuchunguza miaka ya 1930, waliiandika kwa kirefu: asimtazame, wasikutane njiani, jina lake asilitamke. Siku hizi imelegea, lakini haijafa.

Binti alipokewa na mwanafunzi wa udaktari, kijana nadhifu, koti limepigwa pasi. Kati yao na sisi palikuwa na pazia tu. Mlango wazi, mzee kaketi hatua tatu nje.

"Siku zako mara ya mwisho uliziona lini?"

Kimya.

"Mara ya mwisho kukutana na mwanaume je?"

Mzee akainama, akawa anayatazama matope ya viatu vyake. Kijana akamwambia mwenzake, huku anaandika: "Huyu hashirikiani."

Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa anapita na trei ya dawa, akasimama. "Shikamoo baba, pole na safari. Hebu nenda pale dirishani ukamkatie kadi." Mzee akanyanyuka haraka, nadhani kwa shukrani. Muuguzi akaingia, na kabla mlango haujafungwa nikamsikia akianza upya: "Ugonile, mwanangu?" Alichoeleza binti si changu kukiweka gazetini. Daktari aliitwa, akaja anakimbia.

Busara ya yule muuguzi wasomi wanaiita akili ya hisia, na wapo wanaoihesabu kama pambo, kitu cha kuongezea ukishamaliza anatomia. Mimi nilichokiona siku ile ni kipimo, kama kile cha malaria. Maswali ya kijana yalikuwa sahihi yote; kwenye mtihani wa karatasi angepata alama zake. Majibu ndiyo hakuyapata.

Na wala si ugonjwa wa Kyela. Mwaka 1984 Wamarekani Beckman na Frankel walipima muda daktari anaomwachia mgonjwa aeleze shida yake kabla ya kumkatiza. Wastani ulikuwa sekunde 18. Mwaka 2009 Mohammadreza Hojat na wenzake wa Philadelphia waliandika kwamba huruma ya wanafunzi wao ilishuka mwaka wa tatu, pale hasa wanapoanza kukaa na wagonjwa. Sijui kama kuna habari ya kusikitisha kuliko hiyo. Kumbe wanaingia nayo, wanaipoteza wodini!

Ndiyo maana kijana simlaumu peke yake. Amekesha, foleni ya masika imefika getini, bumu pengine limechelewa. Kwenye raundi anawasikia wakubwa wake wakisema "kesi nzuri" juu ya mtu anayekata roho, na wa kitanda namba saba hana jina. Kijana huyohuyo akienda msibani kwao hafundishwi na mtu: anaketi kwanza, ananyamaza, ndipo anatoa pole. Hospitalini habari ya kifo anaitoa akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Ningekuwa na kauli kwenye vyuo vyetu, ningempa muuguzi kama yule mama karatasi ya kusahihishia. Daktari anasoma miaka mitano, kisha mmoja wa mazoezi. Wauguzi wanamwona kila siku akiwa na wagonjwa, na hakuna anayewauliza.

Jioni, natoka, nikamkuta kijana nje ya geti kwa bibi anayechoma ndizi. Koti amelikunja kwapani. "Shikamoo bibi," akasema, akichutama mbele ya jiko. Bibi alikuwa anapuliza makaa, hakusikia. Kijana akangoja amalize, akamwamkia tena.