Ndago Haing'oki kwa Jembe la Adhabu

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ukweli wa methali hiyo niliuona si nguoni bali uani, katika nyumba ya shangazi yangu iliyoko Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwa na miasumini miwili ambayo kwa miaka mingi ilimpa maua aliyoyatunga jioni na kuwauzia majirani. Mapato yenyewe yalikuwa kidogo, lakini yalikuwa yake. Mwaka mmoja miasumini hiyo ilianza kunyong'onyea. Majani yaligeuka manjano, maua yakapungua, na hapakuonekana mdudu wala ugonjwa.

Huenda msomaji asiyeujua Mji wa Kale akashangaa kusikia kwamba mna bustani katika vichochoro vile. Zimo. Ni bustani za uani, zenye ukubwa wa jamvi moja au mawili, na nyingine ni za makopo na mapipa yaliyopangwa darini. Humo hupandwa asumini, mrehani, pilipili, na pengine mchicha wa kitoweo. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe na udongo wake ni haba pahali pengi. Kwa hivyo atakaye kupanda mara nyingi hulazimika kununua udongo na samadi. Shangazi alinunua mikokoteni miwili. Ndani ya udongo huo, bila ya kujua, alinunua pia ndago.

Ndago ni mmea mfupi, wenye majani membamba ya kijani kinachong'aa. Wengi hudhani ni nyasi, lakini sivyo. Likamate bua lake kati ya vidole viwili, ulibingirishe, nawe utahisi pembe tatu. Wataalamu huuita Cyperus rotundus, na ni ndugu wa karibu wa mafunjo yaotayo kwenye mabwawa. Mwaka wa 1977 mtaalamu wa Kimarekani, LeRoy Holm, na wenzake walitoa kitabu kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani. Ndago waliiweka nambari ya kwanza, wakaeleza kwamba inasumbua mazao 52 katika nchi 92. Adui huyo wa dunia nzima ndiye aliyekuwa amepiga kambi katika ua wa shangazi yangu.

Nilipomtembelea wakati wa likizo ya Aprili, masika yakiwa yanaanza, nilijitolea kumsaidia. Nilishika jembe nikalima kwa nguvu zangu zote hata pasibaki jani. Niliondoka nikijisifu. Niliporejea baada ya wiki chache nilikuta ndago imesimama kama zulia, nyingi kuliko ile niliyoikata. Shangazi hakunigombeza. Alicheka tu, akaniambia: "Mwanangu, wewe hukulima. Umepanda."

Maneno yake yalinitia haya, nikaenda kusoma. Nilichokisoma kilinithibitishia kwamba mwanamke yule ambaye hakuketi darasani miaka mingi alikuwa amesema kweli tupu. Ndago haitegemei sana mbegu. Huenea kwa viazi vidogo vilivyofukiwa udongoni, vingi vyavyo ndani ya shubiri moja ya udongo wa juu. Viazi hivyo huunganishwa na vikonyo vyembamba, kimoja kwa kingine, kama shanga katika uzi. Kiazi kilicho juu kikishachipua, huvizuia vile vya chini visichipue, navyo hukaa vimelala. Jembe likipita na kuukata uzi ule, kizuizi huondoka. Kila shanga huwa huru, na kila iliyo huru huweza kutoa mche wake. Basi mimi nilichokifanya ni kuviamsha viazi vilivyolala.

Na jirani zake hupata madhara gani? La kwanza ni njaa na kiu. Mizizi ya ndago hujaa katika udongo ule ule wa juu ambao mrehani, mchicha na miche michanga huutegemea, na huwahi kunyonya maji na chumvichumvi, hasa naitrojeni, kabla jirani hajapata fungu lake. Katika shamba pana mmea waweza kupeleka mizizi kwingine. Katika kopo au kitalu cha jamvi moja hauna pa kukimbilia. La pili ni majeraha. Ncha za vikonyo vyake ni kali kiasi cha kutoboa viazi vya chakula vilivyo ardhini, na hutoboa hata karatasi ya plastiki iliyotandazwa kuizuia. La tatu ni sumu. Wanasayansi wameloweka viazi na majani ya ndago, wakamwagia miche maji yake, na miche ya mimea mingi ikadumaa. Hata hivyo, wao wenyewe hutuonya kwamba shambani si rahisi kutenganisha madhara ya sumu na madhara ya kunyang'anyana maji na chakula. Mwasumini wa shangazi haukusema uliumia kwa lipi. Ulinyong'onyea tu.

Najua atatokea wa kuniuliza: mwalimu wa isimu ana nini na magugu? Jawabu langu ni kwamba nina neno moja, nalo ni kupalilia. Mswahili aliyelelewa na jembe hasemi kwamba anapalilia magugu. Husema anapalilia mihogo, anapalilia mahindi, anapalilia mchicha. Kitenzi hicho kina umbo la kauli ya kutendea, na anayetendewa ni mmea tuupendao, si ule tuuchukiao. Ndiyo maana tunaweza kulitumia neno hilo hilo kwa kipawa cha mtoto. Lugha yetu inatufundisha kwamba anayepalilia hutazama kwanza yule jirani anayeonewa, akamwuliza anakosa nini, kisha ndipo akamwendea mwenye kumwonea.

Lakini je, hivyo ndivyo tunavyowafundisha watoto wetu shuleni? La kusikitisha ni kwamba sivyo. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, lakini fyekeo na jembe bado ni vyombo vya adhabu. Nimepita katika shule kadhaa, kisiwani na nje yake, nikaona mtoto aliyechelewa akipewa kipande cha kiwanja afyeke, na aliyepiga kelele akipewa kitalu akilime. Mtoto huyo hapalilii chochote. Hana mmea anaoutetea. Anayakata majani ya juu ili amalize arudi darasani, na viazi vya chini vinabaki salama. Au anaukatakata udongo kwa hasira, na kila pigo linaufungua uzi wa shanga. Yaani adhabu yetu inamlisha adui. Na zaidi ya hayo, inamfunza mtoto kwamba udongo ni jela.

Kuna hasara nyingine. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza shina la ndago nikawauliza jina lake. Karibu wote walijibu, "Nyasi." Wengine walisema, "Gugu." Sasa gugu si jina, gugu ni hukumu. Ni neno la kutuambia kwamba mmea umeota pasipotakiwa, lakini halituambii ni mmea gani wala dawa yake ni ipi. Mmea huu huu Waarabu huuita su'd, na viazi vyake vyenye harufu nzuri wamevitumia tangu zamani katika dawa na mafukizo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha, kutokana na ukoga uliogandamana katika meno ya mifupa ya kale huko Al Khiday nchini Sudan, kwamba watu wa kando ya Nile waliwahi kuvila viazi hivyo. Asiyelijua jina hana njia ya kuuliza habari, na asiyeuliza hubaki na jembe lake na kiburi chake, kama mimi Aprili ile.

Dawa tulipewa na shangazi mwenyewe, naye aliikumbuka kutoka kwa mamake. "Mamangu alikuwa akiing'oa na viazi vyake wakati wa kaskazi," alisema, "akivianika darini kama dagaa." Nayo ni dawa sahihi, kwani viazi vya ndago haviwezi kuhimili kukaushwa sana. Basi tulisubiri mvua zikaisha na jua la kaskazi likaja. Tukachimba kwa uma wa bustani badala ya jembe, tukachekecha udongo kwa mikono, tukavianika viazi juani siku nyingi, wala hatukuvitupa kwenye lundo la samadi. Kila baada ya wiki mbili tuling'oa vichipukizi vilivyobaki kabla havijaweka akiba mpya. Mwisho tukapanda viazi vitamu vitambae, kwa sababu ndago hupenda jua na hudhoofika kivulini. Kazi hiyo ilitaka miezi, si alasiri moja ya adhabu.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wenzangu. Chukueni makopo manne na udongo wa aina moja, mpande mbegu za mchicha. La kwanza liwe na mchicha peke yake. La pili litiwe na viazi vitatu vya ndago. La tatu limwagiliwe maji yaliyolowekwa viazi vya ndago vilivyopondwa. La nne liwe na mchicha uliotangulia kukua ukatanda kivuli, ndipo ndago itiwe. Wanafunzi wapime urefu kila Ijumaa kwa wiki sita, waandike kwa Kiswahili waliyoyaona. Kisha kila mmoja aende akamwulize nyanya au babu yake jina la gugu moja na jinsi lilivyokuwa likitolewa. Hapo mtakuwa mmefundisha sayansi, hesabu na lugha kwa gharama isiyozidi makopo matupu.

Nanyi wanafunzi, mtakapopewa jembe kwa kosa lolote, litumikieni kosa lenu kwa adabu, lakini kabla ya kupiga pigo la kwanza inameni mlitazame hilo mnaloambiwa mlikate. Ulizeni jina lake. Ulizeni ni jirani gani linalomwonea.

Kati ya miasumini miwili ya shangazi, mmoja ulikufa. Tulichelewa, na sehemu ya kuchelewa huko ni jembe langu. Wa pili umerudi kuchanua, na jioni maua yake hutungwa tena. Ndago nayo haijaisha. Kila masika huchungulia pale ukutani, shangazi akainama akaing'oa pamoja na kiazi chake. Hasemi kwamba anaua magugu. Ukimwuliza afanyalo, atakujibu kwamba anapalilia asumini.