Fundi wa Nyumbani: Gololi za Baiskeli Zinapolika

Baiskeli ya mtu wa mjini ikianza kunguruma, mwenyewe huiegemeza ukutani akapanda basi. Huko Benaco, wilayani Ngara, kwenye barabara kuu iendayo Rusumo mpakani mwa Rwanda, baiskeli hupandishwa vilima ikiwa na mikungu ya ndizi na madumu ya maji. Kwa anayeitegemea kwa riziki, ikisimama, pato la siku nalo husimama. Basi na tujifunze kazi ndogo inayookoa gurudumu zima, kwani hata mjini yatufaa.

Gololi ni vitufe vya chuma vinavyobingirika kati ya koni ya ekseli na kikombe cha habu. Mfaransa Jules Suriray alisajili uvumbuzi wa gololi za baiskeli mjini Paris mwaka 1869, na kazi yake haijabadilika: kupunguza msuguano. Adui zake ni vumbi, maji na ukosefu wa grisi.

Inua gurudumu ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, huenda koni imelegea tu. Lakini likikwaruza linapozungushwa, lifungue.

Legeza nati na koni ya upande mmoja kwa spana, kisha chomoa ekseli juu ya kitambaa ili gololi zisipotee. Mpe mtoto azihesabu. Baiskeli nyingi za mizigo huwa na gololi 10 za inchi 3/16 kila upande wa gurudumu la mbele, na 9 za inchi 1/4 kila upande wa lile la nyuma. Hata hivyo, nenda dukani na moja ya zamani iwe kipimo. Osha vikombe na koni kwa mafuta ya taa, ufute pakauke.

Hapa ndipo penye hasara. Wengi hubadilisha ile iliyovunjika peke yake. Gololi mpya ni kubwa kidogo kuliko wenzake waliolika, kwa hiyo huelemewa na mzigo, ikachimba koni na kikombe. Nunua zote kwa pamoja. Pitisha ukucha juu ya koni. Ukinasa kwenye vishimo, nunua na koni, maana gololi mpya juu ya koni mbovu ni fedha iliyotupwa.

Jaza grisi kikombeni, panga gololi, rudisha ekseli. Kaza koni kwa vidole mpaka iguse, irudishe nyuma kidogo, kisha funga nati. Gurudumu lizunguke kwa wepesi bila kucheza. Koni iliyokazwa mno husaga hata gololi mpya.

Bei ya gololi na kopo la grisi ni ndogo mbele ya bei ya gurudumu, achilia mbali mguu wa mtu aliyeanguka mteremkoni na mzigo wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tuonane Jumapili ijayo.