Iko Wapi Kwenye Biblia?

Kama wewe ni Mkatoliki na unaishi Nairobi, hili swali umeulizwa. Kwa matatu, kazini, kwenye grupu ya WhatsApp ya familia: rozari iko wapi kwenye Biblia? Toharani je? Nionyeshe mstari! Na msee anayeuliza huwa ameshashinda kichwani mwake.

Mimi nimechoka nalo. Si ati halina majibu. Ni kwamba linasimama juu ya kitu ambacho chenyewe hakimo kwenye Biblia. Hebu fungua yako, utafute aya inayotaja orodha ya vitabu vyake. Hakuna. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Waraka kwa Waebrania uingie, barua ya Klementi ibaki nje. Orodha ya kwanza tuliyo nayo inayolingana kabisa na vitabu 27 vya Agano Jipya iko katika barua ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Sinodi za Hippo (393) na Karthago (397) zikaikubali. Maaskofu hao walipima kila kitabu kwa imani ambayo makanisa yalikuwa yameipokea toka kwa mitume. Hayo ndiyo Mapokeo. Sasa ukiniambia "Biblia pekee", nami nauliza: nani alikukabidhi hiyo Biblia?

Tusichanganye Mapokeo na desturi. Rangi ya kanzu, ngoma za kwaya, hata useja wa mapadre, hayo yanaweza kubadilika. Mapokeo ni imani yenyewe, iliyokuwa ikipita mdomo kwa mdomo kabla Paulo hajaandika waraka wake wa kwanza. Yeye mwenyewe aliwaagiza Wathesalonike washike aliyowafundisha kwa maneno na kwa barua, yote mawili.

Lakini Wakatoliki wenzangu, msipige vigelegele bado. Jibu letu pendwa, "Kanisa limesema, basi", ni uvivu uleule. Kijana anauliza swali kwenye jumuiya, anaambiwa aache kiherehere. Huyo hajafundishwa kutii, ameonyeshwa mlango. Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965, inasema wazi kwamba mamlaka ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu. Inalitumikia, na kabla ya kulifundisha inalisikiliza.

Isiposikiliza, watu huumia. Mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano alimruhusu mfalme wa Ureno kuwatia utumwani wasio Wakristo. Papa Gregori wa Kumi na Sita alikuja kulaani biashara ya watumwa mwaka 1839. Hiyo ni miaka 387, bana. Injili ilikuwa ileile miaka hiyo yote.

Na wewe unayedhani dawa ni kila mtu na Biblia yake, kumbuka Shakahola. Tangu 2023 zaidi ya miili 400 imefukuliwa katika msitu ule. Biblia hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kumsimamisha mhubiri na kumwambia: hivi sivyo tulivyopokea, shuka hapo. Sisemi kila asiyemfuata papa anaelekea huko. Majirani zangu Waanglikana na Wapresbiteri wana mapokeo yao, wayaite watakavyo, na yanawalinda.

Figa moja haliinjiki chungu. Maandiko, Mapokeo na mamlaka ya kufundisha vinashikana hivyo. Ondoa lolote, chakula kiko jivuni na watoto wanalala njaa.

Kwa hivyo uliza tu iko wapi. Muulize padre pia, na usikubali kunyamazishwa. Lakini anayekuja kwako na mstari mmoja mkononi, naye mwambie akuonyeshe aliupokea kutoka kwa nani.