Marshali wa vita gani?

Neno Marshali lilitoka katika lugha ya kale ya Wajerumani, na maana yake ya kwanza ni mtumishi wa farasi. Baadaye wafalme wa Ulaya walikipandisha cheo hicho hata kikapita jenerali.

Mobutu alikivaa mwaka 1982. Tunauliza: kwa ushindi gani? Machi 1977 Dilolo yetu ilitekwa, jeshi lake likarudi nyuma. Aliokolewa na askari 1,500 wa Moroko. Mei 1978 Kolwezi nayo ikatekwa. Wafaransa walishuka kwa miavuli, Wabelgiji wakafuata. Vita walipigana wengine, damu ilimwagika ya watu wetu, cheo akachukua yeye! Na mwaka 1991 askari wake, waliochoka na mshahara duni, wakapora maduka ya Kinshasa.

Sisi hatukatai cheo. Lakini mtumishi wa farasi kazi yake ni kumlisha farasi. Basi anayetaka kuitwa mkubwa wa jeshi, kwanza alipe askari, alinde raia na mpaka. Asipofanya hivyo, sisi hatutamwamkia.